Barua ya Kumuaga Bwana Lohmann

Viti vilikuwa ishirini na vinne, vimepangwa duara katika ukumbi wa nyumba ya masista, na Irmtraud Kessenich alikuwa amevihesabu mara tatu asubuhi hiyo ingawa alijua idadi yake tangu juzi. Alinyoosha kimoja, akakirudisha kingine nyuma kidogo, akaokota uzi wa sufu sakafuni na kuutia mfukoni. Mkono ulipoingia mfukoni uligusa kile kikaratasi, ukatoka upesi kama uliogusa upawa wa moto.

Kikaratasi kilikuwa kimekunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na nambari ya simu ya Hamburg, jina la Bi Wiebke Harms, na maneno machache ya mwandiko wake mwenyewe: Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Simu yenyewe ilikuja Jumatatu, ofisini Bonn, wakati anakula mkate wake wa jibini mezani na makombo yamemwangukia kwenye sweta. Sauti ilikuwa ya mwanamke mwenye haraka lakini mwenye adabu.

"Bi Kessenich, samahani kwa kukusumbua. Napiga kutoka shirika la misaada hapa Hamburg. Tuna mtu anaitwa Eckart Lohmann. Jumatatu ijayo anasafiri kwenda kutusimamia ghala la chakula kambini. Ana barua yenu ya kuagana, ile mliyompa alipoacha kazi kwenu, nzuri ajabu, na sahihi ni yako. Sasa mimi nina desturi yangu, kabla mtu hajapanda ndege nazungumza na aliyemwandikia. Swali langu ni moja tu: ungemchukua tena?"

Irmtraud alikuwa na mkate mdomoni. Alitafuna, akameza.

"Nitakupigia," alisema.

"Sawa, ila iwe kabla ya Ijumaa saa sita. Baada ya hapo tiketi inatolewa na mkataba unaanza."

Tangu siku hiyo hakupiga. Jumanne hakupiga. Jumatano wakapakia masanduku ya vitabu, kalamu na karatasi kubwa za kubandika ukutani, wakapanda milimani Eifel kwenye nyumba hii ya masista, na Alhamisi ikapita kwenye ukungu.

Na kilichowaleta huko milimani kilikuwa nini? Kilikuwa mafunzo. Mwaka na nusu Irmtraud na msaidizi wake, Merle Abendroth, walikuwa wakiyatunga: masomo tisa ya kuwafunza wafanyakazi wa misaada usawa wa wanawake na wanaume, na namna ya kuzuia unyanyasaji. Merle alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni kama ya bibi kizee. Walibishana neno kwa neno. Mfano ukisomeka vizuri mno Merle aliufuta, akisema, "Bi Irmtraud, huyu mtu wetu wa kwenye mfano ni malaika, hakuna mtu kama huyu." Walijaribu masomo kwa wafagizi wa ofisi, kwa madereva, kwa mhasibu ambaye hakuwahi kutoka Bonn. Sasa walikuwa wanayajaribu kwa watu wenyewe, ishirini wanaokaribia kwenda kambini, na bwana mmoja wa wizara alikuwa amekaa nao kwenye duara na daftari lake, kupima kama mafunzo yanafaa kufadhiliwa.

Somo la sita lilikuwa lake Irmtraud. Lilihusu mashirika yanayomficha mkosaji kwa kumsukumia kwa mwenzao. Alikuwa ameliandika kwa mkono kwenye meza ya jikoni kwake, na sentensi ya mwisho ilisema hivi: Ukiulizwa, sema unachojua.

Mficha uchi hazai, ndivyo wahenga walivyosema. Irmtraud alikuwa ameuficha wake miaka tisa.

Ilikuwa Sudan Kusini, msimu wa mvua, udongo mweusi ukinata kwenye mabuti mpaka mtu anatembea kama amevaa matofali. Irmtraud alikuwa mkuu wa kambi, Eckart Lohmann mkuu wa ghala. Mwanamume mcheshi, anayejua majina ya watoto wa kila dereva. Siku moja Nyaluak, karani wa kadi za chakula, msichana mrefu asiyependa kukaa, alikuja akasimama mbele ya meza yake.

"Mama, Bwana Eckart ana orodha yake ya kadi. Mwanamke anayekubali kwenda chumbani kwake, jina linaandikwa. Anayekataa, kadi yake inapotea."

"Na wewe?"

Nyaluak alitazama mabuti yake. "Tuko watatu ninaowajua. Nisiowajua siwajui."

Irmtraud alimwamini. Hapo ndipo palipomuuma miaka yote, kwamba hakuwa na shaka hata chembe. Alipiga simu Bonn, na aliyepokea alikuwa Daktari Volkmar Siebrecht, mkuu wa wafanyakazi wakati huo.

"Kuna maandishi? Wametia sahihi?"

"Wanaogopa kuandika, Volkmar. Wanaishi humuhumu kambini."

"Basi hatuna kesi. Aombe kuondoka mwenyewe. Na umwandikie barua nzuri, unaijua sheria, barua ya kuagana lazima iwe ya wema, isimzibie mtu riziki. Ukiandika vinginevyo tutaburutana mahakamani, na shahidi huna."

Aliiandika Jumapili mchana, mwenyewe, kwenye kompyuta ya kambi, jenereta ikinguruma nje. Irmtraud alijua kuandika barua. Mwenye bidii, mwepesi wa kutatua mambo, mwaminifu kwa mali aliyokabidhiwa. Alipofika chini aliona ukurasa umebaki mweupe kidogo, haukupendeza, akaongeza: akipendwa na wote.

Kisha akamwita Nyaluak akamwambia Eckart ameondoka, yamekwisha.

"Ameenda wapi, Mama?"

"Amerudi kwao."

Nyaluak alifikiri. "Na kwao hakuna wanawake?"

Ndivyo ilivyokuwa. Na Jumanne ya wiki hii, alipomfuata Daktari Siebrecht, ambaye sasa alikuwa mkurugenzi wa shirika zima, akamweleza habari ya Hamburg, yeye hakuinua hata macho kwenye karatasi zake. "Waambie wasome barua," alisema. "Barua inatosha."

Basi saa nne na nusu duara likajaa, Daktari Siebrecht naye akiwamo, amekaa karibu na bwana wa wizara. Watu walikuwa wamevaa soksi nzito na kandambili za manyoya, maana masista hawaruhusu viatu ukumbini. Kila mmoja alibandikwa jina kifuani kwa kalamu ya kijani. Simu zao zote, na ya Irmtraud ikiwamo, zilikuwa kwenye kikapu cha nguo, zimefungiwa kabatini hadi chakula cha mchana. Kanuni hiyo aliitunga Irmtraud mwenyewe, watu wasije wakakimbilia simu somo linapokuwa gumu.

Karibu na Merle palikuwa na chupa mbili za kioo zilizowahi kutiwa jamu. Mwanamume akisema neno, Merle alitia haragwe kwenye chupa ya kushoto. Mwanamke akisema, ya kulia. Siku ya tatu sasa, ya kushoto ilikuwa imekaribia shingo.

"Mwalimu, mimi nimeacha kusema tangu jana," alisema Gisbert Overath, fundi wa maji, mzee wa miaka sitini na sita mwenye masharubu ya manjano kwa kiko. "Nimeona chupa yenu inatia huruma."

"Na hilo nalo ni haragwe, mzee," Merle akajibu, akalidondosha. Tik. Watu wakacheka.

Kisha Merle akasimama na bahasha.

"Hapa Bi Irmtraud kaniachia sehemu ndogo, na sikumwonyesha, nilitaka asome pamoja nanyi kwa mara ya kwanza," alisema, na uso ukamwiva kwa furaha. "Nilikwenda kwenye majalada yetu ya zamani. Nikatafuta watu walioondoka kambini kabla mkataba haujaisha, ilhali barua zao za kuagana zimejaa sifa. Nikajiuliza, mtu mzuri hivi, kwa nini anaondoka katikati? Nikapata kumi na moja. Nimechagua moja. Majina nimeyafunika yote. Someni, kisha mniambie nyinyi mngemwajiri."

Nakala zikapita mkono kwa mkono. Moja ikamfikia Irmtraud. Hakuhitaji kuisoma. Aliona umbo lake tu, aya tatu fupi na moja ndefu, na pale chini, peke yake kama kishada kilichoning'inizwa kupendezesha, akipendwa na wote.

Merle alikuwa amefunika kwa wino mweusi kila kitu: jina, kambi, tarehe, sahihi, hata jina la mto. Irmtraud alishusha pumzi. Kisha macho yakapanda juu kulia, na pumzi ikarudi ilikotoka.

"Mimi ningemwajiri," alisema kijana mmoja wa ujenzi. Tik.

"Mimi ningemwuliza aliyeandika," alisema Dörte, muuguzi mnene aliyekaa ng'ambo ya duara. "Watu wote wanampenda? Mimi mama yangu mwenyewe hanipendi siku zote. Aliyeandika hivi alikuwa anajua kitu. Ama ni mjinga ama ni mwoga." Tik.

"Si mjinga," Gisbert alisema taratibu, miwani puani. "Mjinga haandiki vizuri hivi."

"Bi Irmtraud, wewe waonaje?" Merle aliuliza.

"Endeleeni kwanza," alisema Irmtraud.

"Halafu, mwalimu," Gisbert akaendelea, "umefunga madirisha yote ukaacha mlango wazi."

"Mlango gani tena?"

"Huu hapa juu kulia. 'Alama yetu.' Nyinyi wa siku hizi mnadhani ni nambari ya jalada, sivyo? Mimi nilikaa ofisi ya reli miaka kumi na minane kabla sijaingia kwenye mabomba. Barua yoyote ya ofisi ilikuwa na alama. Herufi za mwanzo ni za jina la mwenye barua, anayeisoma kwa sauti iandikwe, herufi za pili ni za anayepiga chapa. Hapa pana Ke, halafu kistari cha mshazari, halafu ke tena." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Huyu alijisomea mwenyewe na kujipigia chapa mwenyewe. Hakutaka hata karani aione."

Watu wakainamia karatasi zao. Wengine wakaanza mzaha. Keller, akasema mmoja. Kemper, akasema mwingine. "Nusu ya watu wa Bonn wanaanza na Ke," alisema kijana wa ujenzi, "tutawaandama wote?" Maharagwe yakadondoka mawili matatu. Merle alikuwa ameweka kidole kwenye midomo, akitazama kona ile ya karatasi aliyoisahau.

Irmtraud alikaa wima. Kifuani mwake, kwa kalamu ya kijani, kwa herufi kubwa alizoziandika mwenyewe, jina lake lote lilikuwa limebandikwa. Akifunika kwa mkono wataona. Asipofunika wataona. Duara halina nyuma, hilo ndilo wao walilowafundisha watu siku ya kwanza: kwenye duara hakuna pa kujificha, ndiyo sababu tunakaa hivi. Gisbert aliinua kichwa atafute wa kucheka naye, macho yake yakapita kwa huyu, yakapita kwa yule, yakafika kwake, yakashuka kifuani. Yakabaki hapo. Kicheko chake kikafa polepole, na mzee akaanza kuikunja karatasi yake kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

"Nadhani ni wakati wa kahawa," alisema Daktari Siebrecht, akainuka. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kulaza mtoto. "Na tufungue madirisha, hewa imekwisha humu."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Madirisha yakafunguliwa yote kwa pamoja, ukungu wa Novemba ukaingia na harufu ya majani yaliyooza. Mezani palikuwa na chupa za kahawa na ile mikate ya wiki ya Mtakatifu Martin, iliyofinyangwa kama vijitu, macho ya zabibu kavu na kiko cha udongo kifuani. Irmtraud alichukua kijitu kimoja asijue la kukifanyia. Daktari Siebrecht akamsogeza mpaka kwenye dirisha la pembeni.

"Sikiliza, Irmtraud. Nakala zinakusanywa na kuchanwa. Ukirudi unaingia moja kwa moja somo la saba. Hamburg unawajibu kwa maandishi wiki ijayo, kwamba tunathibitisha tarehe za kazi. Basi."

"Wiki ijayo atakuwa ameshapanda ndege."

"Hayo ni ya Hamburg."

"Anakwenda kwenye ghala, Volkmar. Ghala la chakula. Na kadi."

"Ukisema neno moja lililo kinyume na barua yako, atakushtaki. Atakushtaki wewe, si mimi, sahihi ni yako. Huna karatasi hata moja. Na yule pale," akaashiria kwa kidevu bwana wa wizara, aliyekuwa akichovya mkate kwenye kahawa, "akisikia kwamba aliyetunga mafunzo ndiye aliyeandika barua, mafunzo yamekufa. Mwaka na nusu wa Merle umekufa. Utamfanyia hivyo mtoto wa watu?"

Alisema yale kwa upole kabisa, mkono begani mwake. Na lililomtisha Irmtraud ni kwamba kila neno lilikuwa kweli. Akinyamaza, mtu yule anakwenda. Akisema, anamvunjia Merle nyumba aliyoijenga kwa mikono. Aligundua amevunja kiko cha udongo cha kile kijitu cha mkate, vipande vimemchoma kiganjani.

Siebrecht alipoondoka, Merle akaja mbiombio.

"Bi Irmtraud, nimeharibu, eti? Wallahi nilidhani ni nambari ya jalada. Daktari kaniambia nikusanye nakala zote." Akashusha sauti. "Huyo Ke ni nani, unamjua? Wewe ulikuwepo miaka hiyo..."

Macho yake yakashuka kwenye kile kibandiko cha kijani, na hakumalizia.

Baridi ya dirishani ilikuwa ikiwapiga mgongoni.

"Barua zilikuwa kumi na moja," Irmtraud alisema. "Kwa nini ulichukua hii?"

"Ndiyo nzuri kuliko zote," Merle akanong'ona. "Nilipoisoma nilitaka kumwajiri mimi mwenyewe."

Irmtraud aliweka kijitu cha mkate dirishani, akajipangusa mikono kwenye sweta.

"Nipe ufunguo wa kabati la simu, mwanangu."

"Sina. Daktari ameuchukua sasa hivi, kasema atautunza yeye."

Saa ya ukumbini ilionyesha saa tano na dakika ishirini na nne. Irmtraud akatoka. Ukumbi ulikuwa mwisho wa ujia mrefu, na ujia ulikuwa na milango kumi na minne, yote ya vyumba vya kulala, yote imefungwa. Kandambili zilimtoka, akaziacha. Mbele kabisa palikuwa na kibanda cha mlangoni chenye kuta za kioo, na ndani yake Sista Adelgund, mwenye miaka themanini na kitu, alikuwa akitia kiraka soksi.

"Sista, una simu?"

"Ninayo ya ukutani. Kamba yake fupi, mwanangu, itabidi usimame hapa karibu yangu. Unapiga wapi?"

"Hamburg."

"Hamburg mbali huko. Sema taratibu utasikika."

Aliingia. Mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake kwa kishindo kidogo. Ulikuwa mlango wa kufunguliwa kwa kitufe kilichokuwa chini ya meza ya sista, na kwa hicho tu. Kibanda kilikuwa kidogo kiasi kwamba magoti yake yaligusa kikapu cha soksi. Akapiga. Aliyepokea alikuwa mwanamume, akasema Bi Harms yuko kwenye kikao, subiri. Muziki ukaanza, zumari isiyokwisha, inafika mahali inarudi mwanzo. Saa tano na nusu. Kengele ya ukumbini ikalia kuwaita watu kwenye duara. Saa tano na dakika thelathini na nane. Zumari ikarudi mwanzo.

Daktari Siebrecht akatokea kwenye ujia. Alikuwa amezishika zile kandambili mkononi. Alipomwona akasimama, kisha akaja mpaka kwenye kioo, akagonga kwa pete yake.

"Yule bwana anataka kuingia," Sista Adelgund alisema. "Nimfungulie?"

"Nimalize kwanza, Sista. Tafadhali."

Sista akamtazama Irmtraud, akamtazama yule bwana, akatunga uzi kwenye sindano. "Naye amevaa viatu," alisema, akaendelea na soksi yake.

Siebrecht akagonga tena. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, polepole, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Irmtraud akampa mgongo. Hapakuwa na pengine pa kutazama isipokuwa ukuta, kalenda ya shirika la mishumaa, na mashine ya faksi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"Harms," simu ikasema.

"Ni Irmtraud Kessenich. Uliniuliza kama ningemchukua tena Bwana Lohmann."

"Nakusikia."

"Nisingemchukua."

"Lakini barua yako..."

"Barua ni ya uongo. Niliiandika mimi, nikijua. Mwanamke mmoja, mfanyakazi wetu, aliniambia kwamba Lohmann alikuwa anawaandika wanawake kwenye orodha ya chakula kwa kuwalaza chumbani kwake. Nilimwamini, na bado namwamini. Jina lake sikutajii, sijamuomba ruhusa. Nilichofanya mimi ndicho ninachoweza kukusimulia."

Sindano ya Sista Adelgund ilikuwa imesimama hewani.

"Kwa nini uliandika?" Bi Harms aliuliza, bila ukali.

"Niliambiwa niandike. Na ilikuwa rahisi. Na nikiandika, naandika vizuri."

"Bi Kessenich, maneno ya simu hayanisaidii. Nahitaji maandishi na sahihi. Unajua atakupeleka mahakamani?"

"Najua."

"Tiketi naizuia mpaka saa sita. Yasipofika, sina la kuizuilia tena." Akamtajia nambari ya faksi.

Ilikuwa imebaki robo saa na dakika mbili. Irmtraud aliomba karatasi. Sista akampa ile ya kuagizia mishumaa, akaigeuza upande mweupe. Aliandika akiwa ameinamia kikapu cha soksi, na mara hii hakutafuta maneno mazuri. Sentensi sita. Jina la Nyaluak hakuliandika. Alipomaliza akaona ukurasa umebaki mweupe nusu nzima, akauacha hivyo. Akatia sahihi yake, na chini yake jina lote kwa herufi kubwa. Kisha, kwa mazoea tu, mkono ukapanda juu kulia ukaandika: Alama yetu: Ke/ke.

Faksi ilikuwa ya kizamani. Ilivuta karatasi kidogokidogo, ikisaga, ikasimama katikati. Sista Adelgund akaipiga kofi ubavuni, ikaendelea. Upande wa pili wa kioo Siebrecht hakugonga tena. Alikuwa anaitazama karatasi inavyoingia kwa juu na kutoka kwa chini. Saa sita kasoro dakika nne mashine ikatema kijirisiti: imefika.

"Sasa mfungulie, Sista," alisema Irmtraud.

Mlango ukalia. Siebrecht hakuingia. Alimpa kandambili zake.

"Umetumaliza," alisema.

"Labda."

"Labda? Unawaza utarudi mle ndani uwaambie nini?"

Irmtraud alivaa kandambili, akashika ujia ule wa milango kumi na minne, na Siebrecht akamfuata hatua mbili nyuma, viatu vyake vikilia sakafuni.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Watu walikuwa kwenye viti vyao, na Merle hakuwa ameanza somo la saba. Wala nakala hakuzikusanya. Zilikuwa bado magotini mwa watu. Bwana wa wizara alikuwa na kalamu mkononi. Kiti kitupu cha Irmtraud kilikuwa katikati ya kijana wa ujenzi na mzee Gisbert, naye Gisbert alikivuta kidogo ampishe, asimtazame usoni.

Akakaa. Akainua nakala yake ili wote waone ile kona ya juu kulia.

"Ke ni mimi," alisema. "Mzee Gisbert kasema kweli, niliipiga chapa mwenyewe ili karani asiione. Na Dörte kasema kweli. Mimi si mjinga."

Dörte aliona haya, akatazama soksi zake. Irmtraud akasimulia, tangu udongo mweusi hadi faksi, bila kumtaja aliyemwambia afanye nini, ingawa kiti cha Siebrecht kilitoa mlio mara mbili. Bwana wa wizara aliandika, akaacha, akaandika tena. Jambo hilo Irmtraud aliliona vizuri sana, kama aonavyo mtu maji yanavyopanda ngazi ya nyumba yake, na hapakuwa na mlango wa kutokea. Merle alikuwa na haragwe kwenye ncha ya vidole, amelisahau.

Aliponyamaza, Dörte ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa kejeli, aliuliza kama muuguzi amuulizavyo mgonjwa, anayetaka kujua.

"Na yule mwanamke yuko wapi sasa?"

Irmtraud alifungua mdomo. Alimwona Nyaluak amesimama mbele ya meza, hataki kukaa. Miaka tisa, na hakuwahi kumwandikia hata mstari mmoja, yeye anayejua kuandika.

"Sijui," alisema.

Haragwe likadondoka kwenye chupa ya kulia. Somo la sita lilikuwa limebakiza dakika ishirini na tano. Irmtraud akatazama dirishani, akatazama mlangoni, akairudisha mikono yake mapajani. Hakuna aliyesema ni wakati wa kahawa.